Jina la Nahodha: Bahari, Ujuzi wa Kukodiwa na Historia Inayosahau

Katika orodha za wanasayansi wa bahari yumo samaki mmoja mwenye miiba ya sumu aitwaye Neomerinthe hemingwayi. Jina hilo alipewa mwaka 1935 na Henry Fowler, mtaalamu wa samaki wa Chuo cha Sayansi Asilia cha Philadelphia, Marekani, kwa heshima ya mwandishi Ernest Hemingway. Mwaka mmoja kabla yake, Fowler alikuwa mgeni katika chombo cha Hemingway huko Havana, akiwachunguza samaki wakubwa waliokuwa wakivuliwa katika Mkondo wa Ghuba. Katika chombo hichohicho alifanya kazi mzee mmoja wa Kikuba, Carlos Gutiérrez, aliyewajua samaki hao tangu utotoni na aliyemfundisha Hemingway namna ya kuwatafuta. Mwandishi alipata samaki wa kubeba jina lake. Mwalimu wake alipata ujira.

Uvuvi ninaouzungumzia ni ule ambao mgeni hukodi chombo pamoja na nahodha na baharia, akapelekwa kwenye maji ya kilindi kuvua kwa burudani. Leo ni biashara kubwa katika pwani zote zenye maji ya joto, ikiwemo pwani yetu ya Malindi na Watamu. Historia yake huandikwa kama historia ya mgeni: alifika lini, alivua nini, samaki alikuwa na uzito gani. Ninadai katika makala haya kwamba kitu kilichouzwa katika biashara hii tangu mwanzo ni ujuzi wa mwenyeji; na kwamba ujuzi huo ulilipwa kwa siku, kisha ukaandikwa kwa jina la mnunuzi. Nimeichagua Cuba kuwa mfano kwa sababu kumbukumbu zake ni nyingi na kwa sababu, kama tutakavyoona, uzi mmoja wa kisa hiki unapita Malindi.

Tuanze na bahari yenyewe. Kutoka Key West, kisiwa cha jimbo la Florida, hadi Havana ni takribani kilomita 170. Katikati hupita Mkondo wa Ghuba, maji ya joto yaendayo mashariki kwa kasi, yenye rangi ya buluu iliyoiva. Mbele ya Havana kilindi huanza karibu sana na ufuo, kiasi kwamba mvuvi mwenye mashua ndogo ya makasia aliweza kukifikia alfajiri na kurudi jioni. Katika maji hayo hupita nduaro, samaki mwenye mdomo uliochongoka kama mkuki. Nduaro weupe, ambao ni wadogo, hupita kuanzia Aprili hadi Juni hivi. Wale wakubwa, ambao mmoja aweza kuwa na uzito wa mamia ya kilo, huja kuanzia Julai hadi Oktoba, yaani mwishoni mwa majira ya joto ya upande ule wa dunia. Miezi hiyo ndiyo pia miezi ya vimbunga. Basi mavuno makubwa na hatari kubwa vilikuja pamoja, na aliyeishi kwa bahari hiyo alilazimika kuisoma vizuri kama msomi asomavyo kitabu.

Wavuvi wa Havana na vijiji vya jirani kama Cojímar waliisoma kweli. Hawakuwa na mitambo. Mtu mmoja au wawili waliingia mashuani kabla ya mapambazuko, wakaiacha ichukuliwe na mkondo, wakateremsha mishipi kadhaa yenye chambo katika vina mbalimbali, mmoja juu, mwingine chini zaidi, mwingine chini kabisa. Walijua kwamba nduaro husafiri kuelekea magharibi, kinyume cha mkondo, na kwamba pepo za mashariki zikivuma vizuri samaki huonekana juu. Walijua umbo la maji mahali mkondo unapopakana na maji ya pwani. Samaki aliponasa walimvuta kwa mikono mitupu, na nyama yake iliuzwa sokoni Havana. Hapakuwa na burudani ndani yake. Palikuwa na mkate wa watoto.

Sambamba na hilo, ng'ambo ya mkondo, tabaka la matajiri wa Marekani lilikuwa limeanza kuitazama bahari kwa jicho jingine. Mwaka 1885 mtu mmoja aitwaye W. H. Wood alisifiwa magazetini kwa kumvua tarponi, samaki mkubwa wa Florida, kwa ufito wenye gurudumu la kuzungushia mshipi. Mwaka 1898 klabu ya matajiri wavua jodari ilianzishwa Avalon, katika kisiwa cha Catalina, California. Reli ilifika Key West mwaka 1912, na mtu wa New York akaweza kusafiri kwa treni hadi kwenye maji ya joto. Kisha sheria ya kupiga marufuku pombe, iliyotumika Marekani kati ya 1920 na 1933, ikawasukuma Wamarekani wengi kwenda Havana ambako kinywaji kilikuwa halali. Manahodha wa Key West wakajikuta na kazi mbili: kuwabeba wageni waliotaka kuvua, na kubeba chupa ambazo serikali haikutaka zibebwe.

Mmoja wao alikuwa Joe Russell, mwenye chombo kiitwacho Anita. Hemingway alikikodi chombo hicho kwenda Cuba mwaka 1932, na tena mwaka 1933. Katika msimu huo wa pili alivua nduaro zaidi ya 50. Idadi hiyo ilimfanya aonekane bingwa. Lakini yeye mwenyewe, katika barua yake kutoka Cuba iliyochapishwa katika toleo la kwanza la jarida la Esquire mwaka 1933, alieleza kwamba habari za nduaro wa Cuba alizipata kwanza kwa Carlos Gutiérrez, ambaye alikutana naye miaka kadhaa kabla yake katika visiwa vya Dry Tortugas. Gutiérrez wakati wa baridi alikuwa nahodha wa mashua ya uvuvi. Majira ya joto alivua nduaro kwa ajili ya soko. Huyo ndiye aliyejua samaki yuko wapi, anakwenda upande gani, anakulaje chambo, na ni wakati gani wa kumwachia mshipi ili aumeze. Wahenga wetu walikwisha kulisema hili: mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo.

Hapa inatupasa tumtendee haki Hemingway. Alimtaja mwalimu wake hadharani, kwa jina lake kamili, jambo ambalo wasafiri wengi wa zama zake hawakulifanya. Kwa hiyo shtaka langu halimhusu mtu mmoja. Linahusu taasisi zilizokuja baada yake na namna zilivyoamua nini kiitwe maarifa na nani aitwe mwenye kuyajua.

Inatupasa pia tukumbuke nchi hiyo ilikuwa katika hali gani. Tangu 1901, kwa kifungu kilichojulikana kama Marekebisho ya Platt, Marekani ilijipa haki ya kuingilia mambo ya Cuba. Uchumi ulitegemea sukari, na bei ya sukari ilikuwa imeanguka vibaya. Jenerali Gerardo Machado alitawala kwa mkono wa chuma. Agosti 1933, katika kilele cha msimu wa nduaro wakubwa, mgomo mkuu uliifunga Havana. Tarehe 7 Agosti uvumi ulienea kwamba Machado amejiuzulu. Watu wakamiminika mitaani kushangilia, na polisi wakawafyatulia risasi. Siku tano baadaye Machado alikimbia nchi. Kwa mgeni mwenye dola, huo ulikuwa msimu mzuri sana wa uvuvi. Kwa mwenyeji, dola hiyo ya mgeni ilikuwa miongoni mwa fedha chache zilizobaki. Soko la ujuzi wa bahari halikuwa soko la watu walio sawa.

Uzi wa Malindi unaingia hapa. Mwishoni mwa 1933 Hemingway alisafiri hadi Afrika Mashariki kuwinda, akiongozwa na Philip Percival, mwindaji mzungu aliyeishi Kenya. Mapema mwaka 1934, baada ya kuwinda, waliteremka pwani na kuvua Malindi. Aliporudi Marekani miezi michache baadaye, jambo mojawapo la kwanza alilolifanya lilikuwa kuagiza chombo chake mwenyewe katika karakana ya Wheeler huko Brooklyn. Alikiita Pilar. Kilikuwa na urefu wa karibu mita 12 na kiligharimu takribani dola 7,500. Majira hayohayo ya joto kilifika Havana, Gutiérrez akaajiriwa humo, na Fowler pamoja na mkuu wa chuo chake, Charles Cadwalader, wakaja kuwachunguza nduaro. Utafiti huo ulimsaidia Fowler kurekebisha uainishaji wa nduaro wa Atlantiki. Sayansi ilipata data, mwandishi akapata samaki wa jina lake.

Taasisi ya pili ni ile ya rekodi. Juni 1939, katika Makumbusho ya Historia Asilia ya Marekani jijini New York, kilianzishwa chama cha kimataifa cha uvuvi wa burudani, kinachojulikana kwa kifupi chake IGFA, kwa juhudi za Michael Lerner. Hemingway alikuwa miongoni mwa viongozi wake wa awali. Chama hicho kilitunga kanuni za kuamua rekodi za dunia, na kanuni kuu ni hii: aliyeshika ufito lazima amnase samaki na kupambana naye peke yake, mtu mwingine akigusa ufito huo wakati wa pambano, rekodi haihesabiwi. Kanuni hiyo ina mantiki yake, kwani inazuia udanganyifu. Lakini tazama inavyogawa kazi. Nahodha aliyekipeleka chombo mahali panapostahili, akakigeuza kwa ustadi ili mshipi usikatike, na baharia aliyetayarisha chambo na kuushika mshipi wa mwisho samaki alipofika ubavuni, wote hao hawahesabiwi kuwa wamegusa. Kikanuni, mgeni alikuwa peke yake baharini. Rekodi huandikwa kwa jina lake.

Msomaji ataniuliza: je, nahodha hakulipwa? Ni swali la haki, na jibu lake lipo, ajabu ni kwamba lipo katika riwaya ya Hemingway mwenyewe. To Have and Have Not, iliyotoka mwaka 1937, inaanza na nahodha wa kukodiwa aitwaye Harry Morgan. Tajiri mmoja, Johnson, amekikodi chombo chake Havana kwa dola 35 kwa siku. Kwa uzembe wake Johnson anapoteza ufito na vifaa vya gharama kubwa vya nahodha. Anaahidi kulipa kila kitu kesho yake asubuhi, kisha anapanda ndege na kutoweka, akiacha deni la mamia ya dola. Nahodha hana mkataba, hana mahakama ya kumfikisha mgeni, hana chama cha kumtetea. Ana mke na mabinti. Kutokana na deni hilo anaingia katika biashara ya kusafirisha watu kwa magendo, na mwisho wake ni mauti. Riwaya hii haisifiwi sana na wahakiki, lakini mwanafunzi wa uchumi wa kisiasa atakuta humo jambo ambalo vipeperushi vya utalii havilisemi: katika biashara ya kukodi chombo, hatari yote ya hasara humwangukia aliye dhaifu.

Kisa mashuhuri zaidi kilikuja kwa njia hiyohiyo ya ujuzi wa kuazima. Mwaka 1936, katika Esquire, Hemingway alisimulia kwa ufupi habari za mzee wa Kikuba aliyekuwa peke yake mashuani, akanasa nduaro mkubwa aliyemvuta mbali baharini, na papa wakamla samaki huyo kabla mzee hajaokolewa. Zilikuwa habari za wavuvi wa pwani ile, na kwa kawaida wataalamu humtaja Gutiérrez kuwa ndiye aliyempasha. Miaka 16 baadaye kisa hicho kikawa The Old Man and the Sea, ambacho jarida la Life lilikichapisha kizima Septemba 1952. Nakala zipatazo milioni 5 zilinunuliwa katika siku mbili. Tuzo ya Pulitzer ikafuata mwaka 1953, na Nobel mwaka 1954. Hemingway aliitoa nishani ya Nobel kwa watu wa Cuba, ikawekwa katika kanisa la Bikira wa El Cobre. Ilikuwa ishara ya ukarimu. Hata hivyo, ishara kwa taifa zima ni jambo jepesi kuliko stahiki ya mtu mmoja mwenye jina.

Mtu angetarajia kwamba mapinduzi ya 1959 yangebadili mpangilio huu. Hayakuubadili sana. Mashindano ya kuvua nduaro yaliyoanzishwa mwaka 1950 na kupewa jina la Hemingway yaliendelea, na Mei 1960 Fidel Castro mwenyewe aliibuka mshindi na kukabidhiwa kombe na Hemingway. Picha ya watu hao wawili imezunguka dunia. Baada ya Hemingway kufariki mwaka 1961, Pilar iliachwa mikononi mwa Gregorio Fuentes, baharia aliyechukua nafasi ya Gutiérrez na kukitunza chombo hicho kwa zaidi ya miaka 20. Fuentes alikikabidhi kwa serikali, na leo kimewekwa juu ya nchi kavu katika nyumba ya Hemingway, Finca Vigía, mahali palipokuwa uwanja wa tenisi. Fuentes aliishi Cojímar hadi Januari 2002, akafa akiwa na umri wa miaka 104. Katika miaka yake ya mwisho watalii walikwenda kumtazama, wakamlipa ili azungumze nao kuhusu bosi wake. Mtu aliyekuwa akiuza ujuzi wa samaki alimalizia maisha yake akiuza kumbukumbu za mnunuzi.

Huko Cojímar, wavuvi waliposikia kwamba Hemingway amekufa, walitoa rafadha na vipande vingine vya shaba vya vyombo vyao, vikayeyushwa na kutengenezwa sanamu ya kichwa chake. Imesimama pale tangu 1962 ikiitazama bahari. Sitawadharau wavuvi wale kwa upendo wao. Walimpenda mtu aliyekaa nao na kuwaandika kwa heshima. Lakini kama mwanahistoria siwezi kuitazama sanamu hiyo bila kuona muhtasari wa kila nilichokieleza hapo juu. Shaba ni yao, sura ni ya mgeni.

Sasa turudi nyumbani. Huko Watamu ipo hoteli mashuhuri yenye jina la Hemingway, ambaye katika pwani yetu alivua kwa muda mfupi tu mwaka 1934. Kila mwaka, kusi ikipungua nguvu, kuanzia Agosti hivi hadi mwisho wa kaskazi mwezi Machi, vyombo hutoka Malindi, Watamu na Shimoni kuwatafuta nduaro, sulisuli na jodari. Wanaoviongoza wengi ni watoto na wajukuu wa wavuvi waliojifunza bamvua na maji mafu kabla ya kujifunza kusoma. Huko huko Watamu ipo African Billfish Foundation, taasisi inayotegemea vyombo vya uvuvi wa burudani kuwatia samaki alama na kuwaachia ili safari zao zijulikane. Kwa kawaida mkono unaoitia alama hiyo ni wa baharia. Ukitaka kujua Bahari ya Hindi inavyobadilika, nani atakueleza mapema kuliko yeye?

Nami sina usafi wa kuwanyooshea wengine kidole. Nimesimamia tasnifu za wanafunzi waliofanya utafiti pwani. Katika ukurasa wa shukrani hutajwa mfadhili, msimamizi, wazazi na mwenzi. Mvuvi aliyemchukua mwanafunzi chomboni, akamwonyesha mwamba ulipo na kumweleza kwa nini samaki fulani haonekani tena, ameandikwa "mhojiwa namba 7". Nikatia saini. Utetezi wetu ni maadili ya utafiti: tunaficha jina ili kumlinda mtoa habari. Mara nyingine ulinzi huo ni wa lazima, hasa pale mtu anapoeleza mambo yanayoweza kumletea madhara. Lakini ni mara ngapi tulimuuliza kama anataka kufichwa? Tumekuwa tukimnyima jina mtu ambaye huenda angefurahi kulikuta kitabuni, na tumeuita unyimaji huo heshima.

Kwa watumishi wa umma wanaoandika sera za kile kinachoitwa uchumi wa buluu, nina mambo mawili ya kuomba. La kwanza: leseni ya biashara ya kukodisha vyombo iambatane na mkataba wa maandishi kwa nahodha na mabaharia, unaosema wazi nani hubeba hasara mgeni asipolipa au vifaa vinapopotea. Harry Morgan ni mtu wa kubuniwa, lakini deni lake si la kubuniwa. La pili: kila kumbukumbu ya samaki, iwe ya alama, ya mashindano au ya utafiti wa serikali, iwe na nafasi ya jina la nahodha na la baharia kando ya jina la aliyeshika ufito. Nafasi hiyo ni mstari mmoja katika fomu, na haihitaji mkopo wa nje.

Kwa wanafunzi wangu, ombi ni dogo zaidi. Mtakapokwenda uwandani muhula ujao, katika fomu ya ridhaa ongezeni swali hili: "Je, ungependa jina lako litajwe?" Kisha mpeni mtu muda wa kujibu, na mliandike jibu lake kama alivyolitoa. Tasnifu itakayoletwa mezani kwangu bila swali hilo nitairudisha.